Yai la saba la Kalevala ni la chuma: nitaliwekaje ubaoni bila kutu kula maganda ya mayai?

Zuhura_Joensuu

Habari zenu wapendwa.

Nipo Joensuu, mashariki ya Ufini, na nimeshika kazi ya vifaa mchanganyiko kuhusu uumbaji wa dunia kama unavyoimbwa kwenye Kalevala, utenzi wa taifa wa Wafini. Natamani iwe ukutani ifikapo Februari 28, siku ambayo Wafini huuadhimisha utenzi wao. Ni mbao saba za plaiwudi ya betula (mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe), kila ubao yai moja. Sita zinakwenda vizuri. Wa saba unanitoa jasho.

Kwa ambaye hajausoma wimbo wa kwanza: mwanzoni kulikuwa na hewa na bahari tu. Ilmatar, binti wa hewa, akachoka na upweke wa huko juu, akashuka majini. Upepo na mawimbi vikamtia mimba, akaelea miaka 700 na uchungu wake bila kujifungua. Ndipo akaja bata mzamiaji, anazunguka mashariki na magharibi, hana pa kutua. Ilmatar akainua goti juu ya maji. Bata akadhani ni kichuguu cha nyasi, akatua, akajenga kiota, akataga mayai sita ya dhahabu na la saba la chuma. Akaatamia. Kufika siku ya tatu joto limezidi, Ilmatar anahisi ngozi inaungua na mishipa inayeyuka, akatikisa goti. Mayai yakaporomoka baharini, yakavunjika. Nusu ya chini ikawa ardhi, nusu ya juu ikawa mbingu. Kiini kikawa jua, ute ukawa mwezi, madoadoa yakawa nyota, na vilivyokuwa vyeusi vikawa mawingu.

Mimi hapo ndipo aliponikamata mtunzi. Hakuna anayetamka neno dunia ikatokea. Kitu kimevunjika, na kila kipande kimepewa kazi. Sisi tunaofanya kolaji, picha za vipande vilivyogandishwa pamoja, ndiyo shughuli yetu ya kila siku!

Kwa hiyo nimejiwekea sharti: kila sehemu ya yai ifanye ubaoni kazi ileile inayoifanya kwenye wimbo. Jua ni tempera, rangi ya unga iliyokorogwa na kiini cha yai. Mwezi ni jani la fedha, yaani fedha iliyofuliwa nyembamba kama karatasi, lililogandishwa kwa ute. Mbingu ni maganda yaliyopangwa kipande kwa kipande, na nyufa zake zimejazwa samawati. Ardhi nimeiacha ikae chini kabisa, maganda yaliyosagwa pamoja na udongo mwekundu. Bahari ni kitani kilichopakwa lami ya msonobari iliyolainishwa na mafuta ya kitani. Msingi wa mbao zote ni jeso ya chaki na gundi ya ngozi.

Ubao wa saba ndio wenye maneno. Wimbo hausemi yai la chuma lilikuwa nini baada ya kuvunjika. Wenzake wote wamepata cheo, lenyewe limenyamaziwa, na ukimya huo ndio ninaotaka kuuonyesha. Nimekusanya misumari ya zamani, unyoya wa chuma na vipande vya sufuria, nikavitia kutu kwa siki na chumvi, nikavipanga katikati ya maganda. Kila siki ilipogusa ganda, ganda lilichemka mapovu na kulainika. Halafu chini yake jeso nayo ikaanza kuvimba, na doa la kahawia linazidi kupanda juu kila niamkapo.

Chuma bandia sitaki. Eneo hili lina historia yake ya chuma. Kule Möhkö, Ilomantsi, karne ya 19 walikuwa wakiyeyusha madini yaliyochotwa kutoka chini ya maziwa, na kiwanda chao leo ni makumbusho. Ukisimama pale unaelewa kwa nini watu hawa waliweka chuma ndani ya yai kwenye maji.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, nifanyeje chuma na ganda vikae ubao mmoja? La pili, mtu aliyekuja kutazama kazi ananiambia bila Ilmatar kuonekana watazamaji watapotea. Mimi sijamchora popote. Nimchore?

---

Pwani_Kolaji

Dada Zuhura, hongera kwa kazi nzito. Jibu la haraka: kuna rangi za akriliki zenye unga wa chuma ndani, unapaka, unaweka maji yake ya kutia kutu, ukimaliza unafunika kwa vanishi. Haipandi wala haisambai. Watu wengi wanaitumia na kwa macho huwezi kuitofautisha.

---

FundiNta

Zuhura, umejieleza vizuri, na sharti ulilojiwekea ndilo linaloipa kazi hii uhai. Usiliachie. Nitakujibu swali la kwanza tu, la pili nawaachia wenye tenzi zao.

Kinachokula kazi yako ni siki. Kutu inasingiziwa. Ganda la yai ni kalsiamu kaboneti, chaki ya jeso ni kalsiamu kaboneti, na asidi yoyote inaviyeyusha vyote viwili na kutoa yale mapovu uliyoyaona. Chumvi nayo inaongeza balaa la pili, kwa sababu inavuta unyevu hewani, basi chuma hakikauki na doa halikomi. Mambo hayo mawili yaishie nje ya ubao.

Chuma kitie kutu pembeni, kwenye beseni la plastiki. Kikifikia rangi unayoitaka, kioshe kwa maji mengi, kiloweke kwenye maji ya magadi mpaka mapovu yakome, kioshe tena, kikaushe kwenye oveni yenye moto mdogo. Kikiwa bado na joto, kipake nta ya mikrokristali (nta itokanayo na petroli) kwa brashi ngumu. Usitumie nta ya nyuki peke yake hapo, ina asidi yake kidogo na inashika vumbi. Chuma kilichotendewa hivyo kinatulia, mradi chumba hakina unyevu.

Usikigandishe moja kwa moja juu ya jeso. Toboa plaiwudi, pitisha uzi wa kitani, funga kwa nyuma, na kati ya chuma na jeso acha uwazi, hata wa milimita 2. Atakayeitengeneza kazi hii miaka 50 ijayo atakushukuru, kwa maana ataweza kukivua chuma bila kuvunja ganda hata moja.

Sasa ile kutu iliyodondoka kwenye beseni, usiimwage! Ichuje, ioshe mpaka maji yawe safi, ikaushe, isage. Kutu iliyooshwa ni rangi tulivu kabisa, ndugu wa udongo mwekundu uliopaka ghala zote za mashambani unazoziona huko. Rangi ile ya Ufini hupikwa kwa maji, unga wa nafaka ya rai, sulfeti ya chuma na udongo wenye oksidi ya chuma. Na picha za miambani za Astuvansalmi, kwenye ziwa Saimaa, zimechorwa kwa udongo mwekundu huohuo, maelfu ya miaka, juu ya jabali linalopigwa na mvua na theluji. Kwa hiyo chuma chenye kutu kwenye sanaa ya Wafini kimeshapimwa na hali ya hewa yao kuliko kitu chochote utakachonunua kwenye chupa. Ndiyo maana mimi na Pwani tunapishana hapa. Ile rangi ya akriliki inafaa kwa kazi nyingine. Kwenye kazi hii ingeweka plastiki mahali ambapo kila kitu kingine kinasema ukweli.

Mambo mawili hukuyauliza lakini lazima niyaseme. Mosi, jani la fedha juu ya ute wa yai litakuwa jeusi. Mayai yana salfa na salfa huila fedha, kama kijiko cha fedha kinavyobadilika ukilia yai. Ukitaka mwezi ubaki mweupe tumia jani la aluminiamu au la paladiamu. Ukitaka mwezi uzeeke, acha, ila uamue mwenyewe tangu sasa. Pili, vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Vinapata joto vyenyewe na kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke, au vizamishe kwenye maji.

---

MsomaTenzi

Nimefurahi kuona mtu anayasoma haya mambo kwa kina. Naomba niongeze upande wa wimbo, maana naona jibu la yai la saba limo mlemle ndani ya utenzi, mbele kidogo.

Fungua wimbo wa 9. Väinämöinen, mwana wa Ilmatar na shujaa mkuu wa utenzi, amejikata goti kwa shoka, damu haikomi, na mzee wa kumtibu hawezi kuizuia mpaka aimbiwe asili ya chuma. Katika imani ya watu wale, ukijua kitu kilivyozaliwa unakishinda. Basi anaimbiwa: walikuwako mabinti watatu wa hewa, matiti yao yamejaa mpaka yanauma, wakatembea juu ya mawingu wakiyakamua maziwa chini. Wa kwanza maziwa yake yalikuwa meusi, yakawa chuma laini. Wa pili meupe, yakawa chuma cha pua. Wa tatu mekundu, yakawa chuma kinachovunjika upesi. Halafu chuma kikajificha kwenye kinamasi kumkimbia moto, mpaka mbwa mwitu na dubu walipopita na kukanyaga, nyayo zao zikakifukua.

Zuhura, tazama: mayai sita umeyagandisha kwa yai. Chuma, kwa mujibu wa wimbo wenyewe, ni mtoto wa maziwa. Na maziwa ni gundi! Kaseini, protini ya maziwa, imetumika kwenye rangi tangu kale. Sijui unga wa kutu wa FundiNta ungeshikana nayo vipi, hilo ni lake, lakini kishairi ubao wa saba una mama mwingine, na kifaa chake cha kugandishia kinapaswa kuwa kingine pia.

Kuhusu Ilmatar kuonekana. Kumbuka yeye mwenyewe aliingia kwenye kisa hiki akiwa amechelewa. Elias Lönnrot, daktari wa wilaya kule Kajaani aliyezikusanya nyimbo hizi na kuziunga kuwa utenzi, alitoa Kalevala mara mbili. Katika ile ya 1835 goti ni la Väinämöinen, anayeelea baharini baada ya kupigwa mshale, kama walivyoimba waimbaji wengi wa Karelia, eneo la mpakani mwa Ufini na Urusi. Katika ile ya 1849, yenye nyimbo 50 na mistari 22,795, ndipo Lönnrot alipompa Ilmatar goti hilo. Kwa hiyo ndege ni yuleyule, mayai ni yaleyale, bahari ni ileile, ila mwenye goti amebadilika. Mimi ningekushauri usimchore. Tangu mchoraji Robert Wilhelm Ekman alipomchora mwaka 1860, mwanamke aliyelala juu ya mawimbi amechorwa na kuchorwa tena. Mtazamaji akimwona atasema "ah, Ilmatar" na kupita. Akikutana na maganda na kutu, itabidi asimame.

---

Mama_Sufu

Samahani MsomaTenzi, hapo sikubaliani nawe, na nasema kama mtu ninayefanya kazi kwa mikono na magoti.

Mnazungumza habari za mayai kana kwamba yalijivunja. Yalivunjika kwa sababu mtu aliungua. Kuna mwili pale, mwili wenye mimba ya miaka 700, uliovumilia joto siku ya kwanza, ya pili, ya tatu ukashindwa. Ukiutoa mwili huo, kisa kinabaki cha ndege na vyombo vilivyodondoka.

Tena someni yanayofuata baada ya mayai, mistari ambayo watu huiruka wakikimbilia kuzaliwa kwa Väinämöinen. Ilmatar anainua kichwa majini na kuanza kuumba. Alipogeuza mkono pakatokea rasi. Alipokanyaga kwa mguu yakachimbika mashimo ya samaki. Alipogeuza ubavu kuelekea nchi kavu, ufuko ukawa laini. Alipopumua chini ya maji, kina kikaongezeka. Nchi nzima ya Ufini yenye maziwa na visiwa vyake ni alama ya mwili wa mtu anayejigeuza kwa maumivu. Ukiangalia ramani ya Saimaa, na ncha zake na ghuba zake zisizo na idadi, utaona hawa waimbaji hawakuwa wanabuni tu, walikuwa wanaitazama nchi yao.

Zuhura, sikwambii uchore mwanamke. Nakwambia uweke alama yake. Chukua sufu ya kondoo, iloweshe kwa maji ya moto na sabuni, igandamize iwe shuka nzito. Ikiwa bado imelowa, piga goti katikati yake, goti lako mwenyewe, na ukae hapo kwa uzito wako wote. Funga kamba kuzunguka umbo hilo, iache ikauke hivyohivyo. Sufu inakumbuka. Ikikauka utakuwa na bonde la goti, na mikunjo ya ngozi itaonekana kama umetumia sufu nyembamba ya merino safu ya juu. Kiota kikae ndani ya bonde hilo. Sufu ina joto, hilo nalo liko kwenye wimbo, na mtazamaji akiikaribia atalielewa goti kabla hajaambiwa.

Nondo lakini uwaogope. Iweke sufu kwenye friza siku kadhaa kabla ya kuileta karibu na mbao zako.

---

FundiNta

MsomaTenzi, umenifanya nisimame kwenye kiti. Kaseini inafaa, tena inafaa kuliko nilivyopendekeza!

Zuhura, nenda dukani ununue rahka, lile jibini laini la maziwa yaliyoganda, ile isiyo na mafuta kabisa. Hiyo ni kaseini tayari. Sehemu 5 za rahka kwa sehemu 1 ya chokaa iliyolowekwa, koroga, acha isimame, baada ya muda utaona uji unageuka mlaini na kuteleza kama gundi. Chuja kwa kitambaa. Tia unga wako wa kutu uliosagwa na maji kwanza, usiutie mkavu. Vaa glovu na miwani, chokaa huunguza macho.

Sababu ya kuifurahia: mchanganyiko huu ni wa alkali. Haugombani na ganda wala jeso, na chuma kwenye alkali hakipati kutu kwa urahisi. Yaani maziwa yanakituliza chuma, sawasawa na ule wimbo wa kutuliza jeraha. Tengeneza leo utumie leo, kesho itanuka. Paka nyembamba, safu juu ya safu, kwa sababu kaseini nene hupasuka. Na uzuri ni kwamba uko juu ya plaiwudi. Kwenye turubai inayopinda ningekukataza.

Kwa maziwa matatu ya wale mabinti: jeusi chukua oksidi nyeusi ya chuma, jeupe ni kaseini na chokaa bila rangi, jekundu ni kutu yako. Vyote vinakaa pamoja bila ugomvi.

Sufu ya Mama_Sufu naikubali pia, ila ishonwe ubaoni kwa uzi. Gundi itaingia kwenye nyuzi na kuifanya ngumu kama ubao wenyewe.

---

Pwani_Kolaji

Nimesoma yote na narudi nyuma kwenye pendekezo langu. Swali moja: maganda unayotumia ni ya kuku? Maana ningependa madoadoa ya asili, na mayai ya bata pori nimeona picha zake ni mazuri mno.

---

Zuhura_Joensuu

Ni ya kuku, Pwani. Mayai ya ndege wa porini hapa yanalindwa na sheria, huwezi kuyagusa. Hata gome la betula, ambalo nilitamani kulitumia kwa kiota, huruhusiwi kulibandua kwenye mti ulio hai bila ruhusa ya mwenye msitu. Ile haki ya kila mtu ya Ufini inakupa kuzurura, kuchuma matunda na uyoga, gome na kuvu-mwani havimo. Nimepewa gome na mwenye msitu mmoja aliyekuwa anakata miti, likanitosha. Madoadoa ya nyota nayaweka mwenyewe kwa brashi yenye nywele chache, baada ya kuondoa ule utando wa ndani. Utando usipotoka, ganda linajikunja likikauka na gundi inaachia. Halafu kila kipande nakigandamiza kwa kidole kipasuke pale pale ubaoni. Nyufa zinajipanga zenyewe vizuri kuliko nikizikata kwa mkasi.

MsomaTenzi, nilikuwa na wimbo wa 9 kwenye rafu na sikuwahi kuuweka kando ya wa kwanza. Asante kwa moyo wote. Ubao wa saba sasa ni wa maziwa. Nilitaka kuonyesha ukimya wa lile yai, naona sasa halikunyamaziwa kabisa, lilicheleweshwa nyimbo nane.

Mama_Sufu, umenigusa pale uliposema mwili uliungua. Nitapiga goti kwenye sufu. Nimefikiri liwe kwenye ubao wa saba peke yake, ndani ya bonde kiwe chuma kilichofungwa kwa uzi kama FundiNta alivyoelekeza, na kaseini nyeusi, nyeupe na nyekundu itiririke kutoka juu ya ubao mpaka kwenye ukingo wa sufu. Mbao sita nyingine zisiwe na goti. Mtazamaji apite kwenye jua, mwezi, nyota, mawingu, ardhi na mbingu, amalizie kwa kilichowasababisha wote. Yule aliyesema watazamaji watapotea nitamwalika aje kwanza.

Mwezi nimeamua uzeeke. Jani la fedha libaki juu ya ute.

Swali dogo la kumalizia kwa FundiNta: ubao wa saba utakuwa mzito kuliko wenzake na una vitu vilivyolowa na kukauka mbele tu. Utapinda?

---

FundiNta

Utapinda, tena mwezi wa Februari ndio mbaya zaidi. Baridi kali nje, ndani wamewasha radieta, hewa inakuwa kavu mno na mbao zinanywea upande mmoja. Geuza ubao, nyuma upake gundi na jeso safu zilezile ulizopaka mbele, ndipo uanze kaseini. Nyuma ya plaiwudi gandisha fremu ya mbao yenye msalaba katikati, na ule msalaba usipite mahali utakapotoboa kwa ajili ya chuma. Sufu ishone mwisho kabisa, kaseini ikishakauka kabisa, la sivyo alkali itaila. Na ukitundika, chagua ukuta usio na radieta chini yake.